Kibuyu Kisichoonjwa

Wiki nzima nimekuwa nikisimamishwa sokoni na watu nisiowajua. "Je, yule Mrangi amechapwa?" Bado. Kaeni niwaambie, maana nami nimechoka kuulizwa.

Tulipoachana, Bwana Lentz, msimamizi wa reli, alikuwa amesimama barazani kwake pale Gulwe, macho yamemtoka, mkono mmoja kwenye kiboko. Mezani mbele yake vibuyu viwili vya divai. Kimoja kimetoka kwa padre wa Mlali, kingine kwa padre wa Kondoa. Mapadre hao walikuwa wamepanda mizabibu kila mtu kwenye kilima chake. Daktari wa Kidachi, Mjerumani mwenzake, alikuwa amempa Bwana mwezi wa kupumzika, akalitoe vumbi la reli kifuani, na Bwana akasema atapumzikia kule kwenye divai nzuri zaidi. Mlali au Kondoa, vibuyu viamue.

Matonya, mpishi wake, Mgogo wa Mlali, alikuwa anaomba Mungu Kondoa ishinde. Si kwamba hakupenda kwao. Alikupenda mno. Mvua ya mwaka jana iliwakimbia watu wa Mlali, mtama wao ulikuwa umebaki chini kabisa ya vihenge, na Matonya alijua jambo moja: Bwana akienda kupumzika mahali, mahali hapo hapapumziki. Bwana hula kuku, askari wake hula mbuzi, wapagazi wake hula mtama, na wakishaondoka wenyeji hula mizizi.

Kibuyu cha Mlali kililetwa na mwalimu wa dini Bartolomayo. Akanywa yeye kwanza, kama desturi ya Ugogo inavyotaka. Mwenye kuleta pombe huionja mbele ya mgeni, mgeni ajue hakuna kilichotiwa. Bwana naye akaonja, akakunja uso. Divai ilikuwa kali kama siki. Matonya akafurahi kimoyomoyo.

Kisha akaja Zaidi, Mrangi mchuuzi wa samli, na kibuyu cha Kondoa. Matonya akammiminia kidogo, akamwambia aonje. Zaidi akakataa. Ndipo ulimi wa Matonya, bila kumuuliza mwenyewe, ukapiga kelele: "Hakijaonjwa! Hakinyweki!"

Sasa tuendelee.

"Sumu?" Bwana aliuliza.

Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kukaa mezani kati ya vibuyu viwili.

"Nauliza, ni sumu?"

"Si sumu, Bwana," alisema Zaidi. "Ni divai. Padre wako amenipa kwa mkono wake."

"Basi kunywa."

"Siwezi, Bwana. Mimi Mwislamu."

"Umeibeba toka Kondoa!"

"Kubeba nimebeba, Mungu atanisamehe, maana padre aliniambia ni dawa ya mgonjwa. Kunywa ni jambo jingine."

Bwana Lentz alikohoa. Alikuwa mtu mrefu aliyeliwa na homa, ngozi yake ya njano kama mshumaa. Alimgeukia askari wake, Mbwana, aliyekuwa ameegemea nguzo.

"Akinywa, mzima. Asiponywa, hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano."

Mbwana akaguna. Jua lilikuwa kali, na kuchapa mtu ni kazi. Akasogea polepole kuchukua kiboko, kama mtu aliyeamshwa kwenda kuchota maji.

Zaidi hakulia wala hakubishana. Alivua kanzu yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ngazi mahali pasipo na vumbi. Kisha akalala kifudifudi.

"Piga, ndugu yangu," alimwambia Mbwana. "Tangu nitoke Kondoa sijalala vizuri. Angalau nimelala."

Wasomaji, maneno hayo yalimchoma Matonya kuliko kisu chake mwenyewe cha jikoni. Alifanya nini huyu mtu? Amekataa kunywa alichokatazwa na dini yake. Matonya naye alifanya nini? Amelia mwano, ile kelele ya hatari, kwa desturi ya kwao, kama mtu anavyopiga chafya. Hakuwa na maana yoyote. Amekaa na Wadachi miaka sita, akajifunza kuoka mikate yao na kupanga visu na uma zao, lakini kibuyu kisichoonjwa kilipopita mbele yake, Mgogo ndani yake akaruka.

Tena kulikuwa na la pili. Zaidi akichapwa, kibuyu cha Kondoa kitamwagwa. Kikimwagwa, kimebaki kimoja. Mlali!

"Bwana, ngoja!"

Kiboko kilikuwa kimekwisha kuinuka. Mbwana akakishusha bila kinyongo.

"Nini tena?" alisema Bwana.

"Bwana, kosa ni langu. Sikusema yote. Kwetu, mleta pombe akizuiwa na jambo, mtu mwingine huweza kuonja badala yake. Akifa, amekufa yeye. Akipona, pombe ni safi na mleta pombe ni huru. Ndiyo mila yetu, Bwana, tangu mababu."

Nawaambieni, mila hiyo haipo. Haipo Mlali, haipo Mkonze, haipo popote Ugogo. Matonya aliitunga pale pale, jasho likimtiririka.

"Na nani ataonja?" aliuliza Bwana.

"Mimi."

Zaidi aliinua kichwa kutoka kwenye udongo, akamtazama. Hakuelewa. Mtu huyuhuyu alimpigia kelele, na sasa anataka kumnywea.

Matonya alichukua kikombe, akakijaza, akanywa funda moja kubwa.

Lahaula! Uchungu ulimshika ulimi, ukampanda masikioni. Haukuwa uchungu wa zabibu. Ulikuwa uchungu anaoujua kila aliyezaliwa na mama: shubiri, ile wanayopaka wanawake kwenye titi mtoto akigoma kuacha kunyonya. Matonya alikuwa mtoto tena, na titi lilikuwa limemsaliti.

Akawaza upesi. Mrangi huyu ametia shubiri! Naye pia hataki Bwana aende kwao! Ameiharibu divai yake makusudi, ili Bwana aende kula mtama wa Mlali!

Afanye nini? Akitema, Zaidi amekwisha na Mlali imekwisha. Akamtazama Bwana, akamtazama Mbwana, akameza. Kisha, enyi wasomaji, akatabasamu.

"Tamu," alisema Matonya, machozi yakimlenga. "Tamu mno, Bwana."

"Mbona unalia?"

"Kwa utamu, Bwana."

Bwana hakuwa mjinga. Akavuta kiti, akaketi, akawasha kiko, akamkodolea macho mpishi wake kungoja kama atakufa. Mbwana naye akachuchumaa kungoja. Zaidi akabaki amelala palepale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ainuke, na muda si muda akaanza kukoroma.

Treni ya mizigo ikapita kwenda Morogoro. Kuku wakaja wakadonoa makombo, wakaenda zao. Matonya alikuwa amesimama tu, na tabasamu lilikuwa limeanza kumuuma mashavu.

"Unasikiaje?" aliuliza Bwana.

"Mzima, Bwana."

"Tumbo?"

"Zima."

Uongo. Tumbo lilikuwa limeanza kunguruma kwa mbali. Lakini hilo alilijua peke yake.

Hatimaye Bwana akajimiminia glasi. Akainusa. Akaitia mdomoni.

Uso wake ukabadilika. Macho yakafumba. Matonya akasema moyoni: basi, yamekwisha, atatema, atasema Mlali, na mjukuu wangu kule atakula mizizi.

Bwana hakutema. Alimeza. Akanywa tena. Akaimaliza glasi, akajimiminia ya pili, na alipofumbua macho yalikuwa mekundu.

"Mama yangu," alisema.

Mbwana akamtazama Matonya. Matonya akamtazama Mbwana.

"Kwetu kuna mabonde mawili ya mizabibu," alisema Bwana, na Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko siku zote. "Bonde moja la watu wa baba, bonde jingine la watu wa mama. Kila mwaka, siku za mapumziko zikija, waligombana twende wapi. Kila mwaka alishinda baba."

"Ndiyo, Bwana."

"Mwaka mmoja mama akaugua. Hapo ndipo baba alipokubali. Bibi yangu akamtilia majani machungu katika divai, kwa ajili ya tumbo. Uchungu huu huu. Mama akanywa, akacheka, akasema sasa amefika." Bwana akakohoa kwa muda mrefu. "Tulimzika huko huko."

"Pole, Bwana," alisema Matonya, na kwa kweli alimwonea huruma. Msimshangae. Mtu anaweza kula chakula chako chote na bado ukamwonea huruma akimtaja mama yake.

"Nimechoka, Matonya."

"Sote tumechoka, Bwana."

Bwana akamaliza glasi ya pili, akamimina ya tatu. Akasukuma kibuyu cha Mlali kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza.

"Kondoa," alisema. "Nitakwenda Kondoa."

Ah! Matonya aliinamisha kichwa ili furaha isionekane. Akaviona vihenge vya Mlali vimesimama salama. Akamwona mjukuu wake anakula uji. Uchungu wote mdomoni ukageuka asali. Furaha hiyo ilidumu kadiri ya mtu kukohoa mara moja.

"Mbwana!" aliita Bwana. "Kesho nenda Mlali. Niletee wapagazi thelathini, wanaume wenye nguvu, wa kubeba machela na mizigo mpaka Kondoa."

"Mlali, Bwana?" Matonya aliropoka.

"Mlali ni karibu. Nitatafuta wapagazi wapi? Kondoa?"

"Bwana, mtama uko shambani unataka kukomaa. Wanaume wakiondoka, nani ataamia ndege wasiumalize?"

"Wanawake wana mikono."

"Bwana..."

"Na kila mpagazi aje na posho yake ya mwezi mzima. Mtama. Njia ya Kondoa ni kavu, sitaki watu wafe njaa mikononi mwangu. Mimi si mtu mbaya, Matonya."

Akachukua glasi yake na kibuyu cha Kondoa, akaingia ndani kulala.

Matonya alibaki barazani. Alipiga hesabu iliyo rahisi kwa mtoto. Mtama wa Mlali ungetoka vihenge vile vile, ungeliwa na matumbo yale yale, ila sasa ungetembea kwa miguu mpaka Kondoa kwanza.

Akamwamsha Zaidi kwa mguu, taratibu.

"Inuka, Mrangi. Uko huru."

"Nimechapwa?"

"Hujachapwa."

"Alhamdulillahi," alisema Zaidi, akaivaa kanzu yake. "Niliota nimechapwa."

Wakaenda jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba. Dorkasi, mke wa Matonya, alikuwa anasonga ugali wa uwele. Kando kulikuwa na chungu cha mlenda. Hakuinua uso walipoingia.

"Karibu, baba," alimwambia Zaidi. "Keti hapo, moshi hauji."

Zaidi akaketi.

"Mpishi, nieleze. Umenitia motoni, kisha umenitoa. Kwa nini?"

"Sikutaka Bwana aende kwetu. Hakuna chakula. Nilitaka divai yako ishinde."

Zaidi akacheka bila nguvu. "Na mimi nilikuwa naomba ishinde yenu. Sisi kwetu tulimpumzisha Bwana mmoja mwaka juzi. Mpaka leo jogoo wakimwona mtu mweupe wanapanda mtini."

"Najua ulikuwa unaomba. Tena hukuomba tu." Matonya akainama karibu. "Sikuchongei, ndugu. Lakini ile shubiri, umezidisha. Ulimi wangu mpaka sasa umekufa."

"Shubiri gani?"

"Uliyotia kwenye kibuyu."

"Mimi?" Zaidi aliweka mkono kifuani. "Wallahi, sijakifungua. Nimefika jana jioni, nikakiweka hapa jikoni kwako, nikalala nje kwenye mkeka. Ningekifungua ili iweje? Harufu yake tu ni haramu kwangu."

Mwiko ulikuwa umesimama.

Matonya aligeuza kichwa polepole. Dorkasi alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili katikati ya ugali, anautazama moto.

"Mama Zipora?"

"Ugali utaungua," alisema Dorkasi, lakini hakusonga.

"Mama Zipora, ni wewe?"

"Ni mimi."

Zaidi aliangalia pembeni, kama mtu mwenye adabu anavyofanya nyumba ya watu inapovuja mbele yake.

"Umetia shubiri kwenye divai ya Bwana!" Matonya alisema kwa sauti ya chini, sauti ikimkatika. "Ili iweje? Mimi usiku kucha naomba Kondoa ishinde, wewe unaiharibu ya Kondoa! Wewe hujui hali ya Mlali?"

"Najua."

"Sasa?"

"Miaka sita, Baba Zipora." Aliuacha mwiko, akajifuta mikono kwenye kaniki. "Miaka sita tuko hapa kwenye moshi wa watu. Zipora ameolewa, sikuwapo. Amezaa, sikuwapo, wamemkanda wanawake wengine. Sasa ana mimba nyingine. Bwana akienda Mlali, tunakwenda naye wote, wewe na mimi, maana nani atamfulia? Ningekaa na mwanangu mwezi mzima. Bwana akienda Kondoa, wewe unamfuata na masufuria yako, mimi nabaki kulinda kuku wake."

"Na njaa je?"

"Njaa naijua. Mizizi nimekula, ladha yake naijua. Ningekula na mwanangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Dorkasi akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Uliniuliza?"

Alijua vipi Bwana anapenda mayai yake yachemshwe. Alijua upande gani wa mto anaulalia. Hakujua mkewe analala akiwaza nini. Alitaka kumwambia pole, lakini neno hilo alikuwa amekwisha kulitumia barazani, kwa mtu mwingine.

Badala yake tumbo lake likajikunja, safari hii si kwa mbali. Akajishika ubavu, akaegemea ukuta.

"Ulitia kiasi gani?" aliuliza.

Dorkasi akasukuma kuni motoni.

"Mama Zipora, kiasi gani?"

"Mche mzima," alisema. "Nilikamua mpaka majani yakawa makapi. Nilidhani ataonja kidogo na kutema. Nani angemeza kitu kile?"

"Mimi nimemeza funda moja."

"Na Bwana?"

Matonya akakumbuka glasi ya kwanza. Akakumbuka ya pili, na ya tatu, na kibuyu kilichoingia chumbani pamoja na mwenyewe.

Kutoka nyumba kubwa kilisikika kishindo, kama kiti kimeangushwa, kisha sauti ya Bwana. Si sauti ya kuita chai. Ilikuwa sauti ya mnyama aliyebanwa. Kibuyu kilipasuka ukutani.

Dorkasi akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Zaidi akaanza kusoma dua.

Mbwana alitokea mlangoni. Uchovu wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa na bunduki, na bunduki ile haikuwa begani.

"Bwana anatapika," alisema. "Yuko chini, hawezi kusimama. Anasema ametiliwa sumu."

"Si sumu," alisema Matonya. "Mimi nimekunywa, Mbwana. Umeniona. Niko mzima!"

"Ndiyo, amesema hivyo hivyo. Matonya alikunywa mbele yangu, Matonya ana mkono safi." Mbwana akawatazama wawili waliobaki, mmoja baada ya mwingine. "Kibuyu kililala humu jikoni. Mtu amekigusa. Bwana anamtaka mtu huyo kabla jua halijatua, na safari hii si hamsa ishirini. Amenituma nimpeleke Morogoro kwa kamba."

Ugali ulikuwa unaungua, harufu imejaa kibanda.

"Tena amesema hatawauliza wao," alimaliza Mbwana. "Watasema uongo. Amesema wewe peke yako ndiye unayeaminika. Nimchukue atakayeonyeshwa na kidole chako. Haya, Matonya. Ni huyu mwanamke, au ni huyu Mrangi?"

Dorkasi alimtazama mumewe. Zaidi, mtu aliyetembea toka Kondoa na dawa ya mgonjwa, alimtazama pia.

Mkono wa Matonya ukainuka.